Kitenzi "get" kuanzia mzizi hadi matawi: mwongozo kamili kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Asubuhi moja, sebuleni kwake Tanga, shangazi yangu alinipa simu nimsomee ujumbe wa mwanawe aliyeko Minneapolis. Mke wa binamu huyo alikuwa amefanyiwa upasuaji siku mbili kabla. Binamu akiwa na haraka Kiswahili humkimbia, kwa hiyo aliandika hivi: "I got to talk to the surgeon. She's getting there." Mimi, ninayekula kwa kutafsiri nyaraka za watu, nikatoa tafsiri papo hapo: "Ni lazima nizungumze na daktari. Anafika huko."

Shangazi akaweka kikombe chini. "Anafika wapi? Mwanangu, anafika wapi?"

Makosa mawili katika maneno kumi, na yote yametoka kwenye kitenzi kimoja. Binamu alikuwa anasema kwamba amepata kuzungumza na daktari, na kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, kidogo kidogo. Niliposahihisha, shangazi alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau mpaka leo. Tangu siku hiyo kila sentensi ya "get" inayonitatiza naiandika kwenye daftari, na mwongozo huu umetoka kwenye daftari hilo.

Kwanza, achana na orodha

Shuleni tuliambiwa "get" ni kupata, kisha tukapewa orodha ya kukariri: "get up" kuamka, "get off" kushuka, "get married" kuoa. Orodha hiyo haina mwisho. Ukifungua kamusi yoyote nene utakuta "get" imechukua kurasa nzima, na ukizimaliza utakuwa umesahau za mwanzo.

Kuna njia nyepesi, na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati nayo. Angalia kitenzi chetu kinavyofanya kazi. Tunasema lipa, tukitaka kusema kwamba mtu kapokea malipo tunageuza mkia: lipwa. Tengeneza inakuwa tengenezesha. Vunja inakuwa vunjika. Pata inakuwa patana. Mnyambuliko huu tuliusomea kwa shida darasani, lakini mtoto wa miaka minne anautumia bila kufikiri. Sasa tazama Kiingereza: kulipwa ni "get paid", kutengenezesha kitu ni "get it fixed", kuvunjika ni "get broken", kupatana ni "get along". Kazi ambayo sisi tumezigawia -wa, -ka, -isha na -ana, wao wamemtwisha punda mmoja.

Kwa hiyo mara nyingi "get" haina maana yake yenyewe. Ni alama kwamba kuna kitu kimevuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine: mali imekuja mkononi, mtu amefika mahali, hali imebadilika, au mtu fulani amefanyishwa jambo. Kazi yako ni kutambua kilichovuka, kisha uchague mkia unaofaa.

Na tusiwacheke Waingereza. Mgeni anayejifunza Kiswahili hukaa chini akalia anapokutana na "piga". Tunapiga simu, pasi, mswaki, deki, picha, kura, magoti, chafya na hodi, na hakuna hata mmoja anayeumia.

Hatua ya 1: Funika "get" kwa kidole, soma kinachofuata

Hii ndiyo hatua ninayoitegemea kuliko zote. Ukikutana na sentensi yenye "get", "got" au "getting", weka kidole juu yake na usiitazame. Tazama neno linalofuata. Linaweza kuwa jina la kitu, kama "a letter" au "milk". Linaweza kuwa kivumishi, kama "angry" au "dark". Linaweza kuwa kitenzi kilichokwisha kutendwa, kama "paid" au "robbed". Linaweza kuwa mtu au kitu kilichobanwa katikati, kikifuatwa na kitenzi kingine. Linaweza kuwa "to". Au linaweza kuwa kale kaneno kadogo ka mahali: "up", "on", "over", "by". Kila njia ina mkia wake kwa Kiswahili, na nitazipitia moja moja, zingine kwa mwendo wa haraka.

Hatua ya 2: Kinachofuata ni jina la kitu

Hapa ndipo "pata" inapofaa, lakini si kila mara. Jiulize kitu kimefikaje mkononi. Kama kimetumwa, ni kupokea: "I got a letter." Kama kimetoka dukani, ni kununua au kuleta: mtu akikuambia "Can you get some milk?" anakutuma dukani, hakuulizi kama una uwezo wa kupata maziwa. Kama ni ugonjwa, ni kuugua au kuambukizwa. Kama ni basi, ni kupanda. Kama mlango umegongwa na mtu akasema "I'll get it", anakwenda kufungua. Simu ikilia akasema hivyohivyo, anakwenda kupokea. Na mkiwa mezani hotelini bili imeletwa, mwenzako akasema "I'll get this", tulia. Analipa yeye.

Halafu kuna "I get it" na "I get you", yaani nimeelewa. Watu wengi huiona kama maana ya ajabu, ilhali na sisi tunayo. Simu ikikatikakatika tunauliza "unanipata?", na mtu akieleza jambo gumu tukalielewa tunamjibu "nimekupata". Mwalimu naye husema mwanafunzi "ameshika". Kupata, kushika, kuelewa: mkono na akili vimefanywa kitu kimoja. Hilo si jambo la bahati tu, na ili kulieleza inabidi nirudi nyuma sana.

Neno lenyewe lilikotoka

Mzizi wa zamani kabisa ambao wanaisimu wameujenga upya kwa kulinganisha lugha za Ulaya na Asia ulikuwa na maana ya kushika, kukamata. Upande wa Kilatini mzizi huo ulizaa "prehendere", kushika. Kutoka hapo Kiingereza kimepata "prison", mahali pa walioshikwa, na "comprehend", kushika kwa akili. Upande wa kaskazini, kwa watu wa Skandinavia, ulizaa "geta". Neno hilo la Kinosi cha kale, lugha ya watu hao, lilibeba maana nyingi tangu hapo: kupata, kuweza, kuzaa, na hata kukisia. Wataalamu wengi wanaliona neno "guess" kuwa jamaa yake. Na huko Iceland mpaka leo "geta" ni kuweza.

Waingereza wa kale walikuwa na ndugu wa neno hilo, lakini hawakulitumia peke yake; lilikuwa limefungwa ndani ya maneno mengine. "Begietan" ilikuwa kupata, "forgietan" kusahau, yaani kuachia ulichokuwa umekishika. Na herufi ile ya g haikutamkwa kama ya "gari". Ilitamkwa kama y ya "yai".

Kisha wakaja Waviking, wapiganaji wa baharini kutoka Skandinavia. Mwaka 793 walishambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, kisiwa kidogo kaskazini mashariki mwa Uingereza. Mwaka 865 lilitua jeshi kubwa ambalo halikuja kupora na kuondoka. Liliteka ardhi na watu wake wakakaa. Walilima, wakaoa, wakaita vijiji kwa lugha yao: miji mingi ya Uingereza inayoishia na "-by", kama Derby, Whitby na Grimsby, ina alama ya mguu wao. Mwaka 1016 Mdenmaki, Knut, alikuwa mfalme wa Uingereza. Lugha hizi mbili zilikuwa na udugu wa karibu, kwa hiyo majirani walielewana nusunusu, na maneno yakavuka ua. Kiingereza kilichukua "take", "knife", "window", "husband", "egg". Kilichukua hata "they" na "them", jambo ambalo hunishangaza mpaka leo. Sisi tumekopa maelfu ya maneno ya Kiarabu, lakini "wao" na "sisi" tumebaki nayo wenyewe.

"Get" ilivuka ua huohuo. Inaanza kuonekana kwenye maandishi ya Kiingereza takriban mwaka 1200, ikiwa na g ngumu ya Waviking. Polepole g hiyo ikaingia hata kwenye ndugu zake wenyeji. Mshairi Chaucer, karne ya 14, bado aliandika "foryete" kwa kusahau. Sisi leo tunaandika "forget".

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha jinsi mambo yalivyokuwa yamechanganyika. William Caxton, aliyeanzisha uchapaji wa vitabu Uingereza, alisimulia mwaka 1490 juu ya wafanyabiashara waliokuwa wanatoka mto Thames kwenda Zeeland. Upepo ukakosekana, wakashuka pwani kutafuta chakula. Mmoja akaomba mayai kwa mama mmoja mwenyeji, akitumia "egges", neno la upande wa Waviking. Mama akajibu kwamba hajui Kifaransa. Mfanyabiashara akakasirika, maana na yeye hakujua Kifaransa hata kidogo. Alitaka mayai tu. Ikabidi mwingine aombe "eyren", neno la wenyeji, ndipo mama akaelewa. G ngumu na y laini, neno lilelile. Mtu wa Mombasa akikuambia "ndoo", yaani njoo, nawe ukaenda kutafuta chombo cha maji badala ya kumfuata, utakuwa umepitia kisa hicho.

Maana ya kuzaa nayo haijafa yote. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema Ibrahimu "begat" Isaka, na ni neno lilelile limevaa koti. Tunaposema fulani "kapata mtoto" tunapita njia ambayo Waviking waliipita.

Hatua ya 3: Kinachofuata ni kivumishi

"Get angry", kasirika. "Get old", zeeka. "Get fat", nenepa. "Get drunk", lewa. "Get wet", lowa. "Get lost", potea. Unaona kwamba Kiswahili hakihitaji maneno mawili. Kitenzi chetu kimoja kinabeba mabadiliko yote, kwa hiyo ukitafsiri usianze na "kupata". "Alipata hasira" inakubalika, lakini "alipata uzee" itamfanya bibi yako acheke.

Ugumu uko kwenye kurudi, yaani kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, na kosa lenyewe limejificha kwenye -me-. Tunasema "nimechoka" tukimaanisha hali niliyo nayo sasa. Anayefuata sarufi neno kwa neno ataandika "I have got tired", na Mwingereza atamwelewa lakini atahisi kuna mchanga kwenye wali. Anayesema ana uchovu sasa hivi husema "I'm tired". Fikiria kizingiti cha mlango. "Be" ni kukaa ndani ya chumba. "Get" ni kuvuka kizingiti. Kwa hiyo nimechoka ni "I'm tired", naanza kuchoka ni "I'm getting tired", huwa nachoka jioni ni "I get tired in the evening", na nilichoka njiani ni "I got tired on the way". Andika sentensi hizo nne ukutani kama unafundisha watoto. Zinatosha kwa muhula mzima.

Na hapo ndipo jibu la "She's getting there". Yuko kizingitini, hajavuka, lakini anasogea. Kwa mgonjwa ni nafuu. Kwa nyumba inayojengwa ni "inakaribia kwisha". Kwa mwanafunzi wa udereva ni "anaanza kujua".

Hatua ya 4: Kinachofuata ni kitenzi kilichotendwa

Hapa tumia -wa, basi. "He got fired", alifukuzwa kazi. "We got robbed", tuliibiwa. "I get paid on Fridays", nalipwa kila Ijumaa. Matumizi haya yalianza karne ya 17, na mpaka leo yana harufu ya mazungumzo kuliko barua ya ofisi.

Je, "he was fired" na "he got fired" zina tofauti? Ipo, nyembamba. "Get" hupenda matukio, hasa ya mkosi au bahati: kuibiwa, kukamatwa, kugongwa, kupandishwa cheo. Haipendi mambo yaliyotulia. Hakuna atakayekuambia msikiti "got built" karne ya 18. Atasema "was built". Ukiwa na shaka kwenye maandishi rasmi, tumia "be" na hutakosea.

Nisimame kidogo kwenye ndoa, maana hapo Kiswahili kinataka kujua kitu ambacho Kiingereza hakijali. "He got married" ni alioa, "she got married" ni aliolewa, "they got married" ni walioana. "Get" moja, mikia mitatu. Mtafsiri akipewa jina la mtu asiyejua kama ni mwanamume au mwanamke, hana pa kujificha. Na ukigeuza, jihadhari zaidi. Tunasema "Aliolewa na Juma", na wengi huandika "She got married by Juma". Msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba Juma ndiye aliyefungisha ndoa, kama shehe au mchungaji. Sema "She got married to Juma", Juma arudishiwe mkewe.

Hatua ya 5: Kuna mtu au kitu katikati

"Get him to call me." "I got my shoes repaired." Huu ndio upande wa -isha, na kwa maoni yangu ndio upande tunaouonea zaidi.

Kiingereza zamani kilikuwa na -isha yake. Lugha mama ya Kiingereza, Kijerumani na lugha za Skandinavia iliweka kiungo mwishoni mwa kitenzi ili kusema "mfanye afanye", na mabaki yake bado yapo kwa anayejua kuyatafuta. "Lie" ni kulala, "lay" ni kulaza. "Fall" ni kuanguka, "fell" ni kuangusha, hasa mti. "Drink" ni kunywa, na "drench" asili yake ni kunywesha. Wafugaji bado wanaitumia kwa kumnywesha mnyama dawa. Kiungo hicho kilikufa, hakiwezi tena kutengeneza maneno mapya, na "get" ikawa mojawapo ya walioziba pengo.

Kwa mtu, "get him to call" ina jasho ndani yake: mshawishi, mbembeleze, fanya ufanyavyo mpaka apige. "Make him call" ni kumlazimisha. "Have him call" ni kumwagiza, kama bosi kwa karani. "Let him call" ni kumruhusu. Chagua vibaya na barua yako itageuka amri bila wewe kukusudia.

Kwa kitu, tazama tabia yetu moja. Mtu akitoka kinyozi anasema "nimenyoa". Aliyepeleka kitambaa kwa fundi anasema "nimeshona gauni la Idi", ilhali sindano hajaigusa. Kiswahili kinamhesabu mwenye pesa kuwa mtendaji, na sote tunaelewa. Ukiandika "I sewed a dress", msomaji atakupongeza kwa ufundi usio nao. Fundi akiwepo, hata kama hatajwi, sema "I got a dress made", "I got my hair cut", "I got the roof fixed".

Muundo huohuo hubeba mikosi. "I got my phone stolen" haimaanishi nilimtuma mwizi. Ni "nimeibiwa simu" yetu ileile, kitenzi cha kutendwa na bado kitu kimebaki mahali pake. Kati ya miundo yote ya "get", huu ndio uliokaa kama umeazimwa kwetu.

Hatua ya 6: Kinachofuata ni "to"

Sasa turudi kwa shangazi. Kuna njia tatu hapa, na sikio likiteleza unaharibu ujumbe mzima.

Kama baada ya "to" kuna mahali, ni kufika: "We got to Korogwe at noon."

Kama baada ya "to" kuna kitenzi na mbele ya "got" hakuna "have", kwa kawaida ni kubahatika, kupewa nafasi. Kiswahili fasaha kina hili: "Sijapata kumwona", "Umepata kufika Unguja?" Ile "pata" inayotangulia kitenzi kingine ndiyo hii. "I got to talk to the surgeon": nimepata kuzungumza na daktari. Kama ningekumbuka Kiswahili changu mwenyewe, shangazi angemaliza chai yake.

Kama kuna "have" au mkato wake, "I've got to talk to the surgeon", ni lazima. Tatizo ni kwamba kwenye mazungumzo ya haraka watu humeza ile "'ve", wakabaki na "I got to", au wakaandika "gotta". Hapo sarufi haikusaidii. Angalia habari yenyewe. "I got to go, bye" ni lazima. "I got to go backstage!" yenye alama ya mshangao ni bahati. "I get to", bila "got", haina utata: ni nafasi au ruhusa.

Wakati tuko kwenye "have got", nilimalize hili. "I've got a car" maana yake ni nina gari, si nimepata gari jana. Ilikuwaje? Fikiria -me- yetu tena. Ukisema nimepata, matokeo yake ni kwamba ninacho. Kiingereza kiliacha tendo kikabaki na matokeo. Wamarekani, kwa kuwa walibaki na "gotten" ya zamani, wanatenganisha vizuri: "I've got a car" ninalo, "I've gotten a car" nimelipata. Uingereza "gotten" imetupwa, ikabaki ndani ya "forgotten" na "ill-gotten". Mwalimu wako akikukatia maksi kwa "gotten" wakati mtihani ni wa Kiingereza cha Uingereza, hajakuonea. Ila asikuambie kwamba Wamarekani wameizua.

Hatua ya 7: Vineno vya mahali

Hivi ndivyo watu wanavyoviogopa, nami nitavipitia kwa haraka kwa sababu vingi hueleweka ukichora picha ya mwendo. "Get up" ni kwenda juu kutoka kitandani. "Get out" ni kwenda nje. "Get back" ni kurudi. "Get through" ni kupenya upande wa pili: wa mtihani, wa msiba, au wa laini ya simu iliyojaa. "Get over" ni kuvuka kwa juu: ugonjwa, na ukapona, mchumba aliyekuacha, na ukamtoa moyoni. "Get by" ni kupita pembeni bila kuanguka, maisha ya kubangaiza. "Get away with it" ni kuondoka na kosa lako mfukoni, hakuna aliyekushika. "Get along" ni kwenda pamoja, na "patana" inaitosha kama kofia ya kushonewa.

Swali ninaloulizwa sana ni la vyombo vya usafiri. Chombo ambacho abiria anaweza kusimama na kutembea ndani yake huchukua "on" na "off": basi, treni, meli, ndege. Kile unachoingia na kukaa tu huchukua "in" na "out of": gari dogo, teksi. Chombo unachokikalia kwa kupanua miguu hurudi kwenye "on". Kwa hiyo bajaji ni "get in", bodaboda ni "get on", na daladala ni "get on" hata siku ile umepinda shingo mlangoni na huna pa kutembea.

Angalia pia "What's got into you?" Usihangaike nayo, tafsiri ni "umeingiwa na nini?", na sauti ya mama anayeuliza ni ileile.

Hatua ya 8: Jaribu kwenye ujumbe halisi

Wiki moja baadaye binamu aliandika tena. Safari hii nilikaa na kalamu:

"She gets out on Friday. I'm getting the car fixed so I can get her home before it gets dark. We've got to get rid of the rug on the stairs. Tell Mum I get it now."

"Gets out": kaneno ka mahali, kutoka, na kwa kuwa ni hospitali, ataruhusiwa. "Getting the car fixed": kitu katikati, kuna fundi. "Get her home": mtu katikati na mahali, kumfikisha. "Gets dark": kivumishi, kuvuka kizingiti. "We've got to": kuna "have", ni lazima. "Get rid of": kuondoa. "I get it": kushika kwa akili. "Get" saba, na katika tafsiri nzima "pata" haikuja hata mara moja:

"Ijumaa anaruhusiwa. Gari nimelipeleka kwa fundi ili niweze kumfikisha nyumbani kabla giza halijaingia. Inabidi tuondoe lile zulia la kwenye ngazi. Mwambie mama sasa nimemwelewa."

Nilimsomea shangazi taratibu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Zulia limefanya nini?"

"Mgonjwa asije akateleza, shangazi."

"Ahaa." Akachukua simu yake, akaitazama kama inayoweza kujisomea. "Mwambie na gari alikaguishe kwa mtu mwingine kabla hajalilipia. Mafundi ni walewale."

Nikaandika: "Get the car checked before you pay." Shangazi akataka kujua kwa nini imekuwa fupi hivyo.